Louis Brandeis: Wakili wa matajiri aliyelipia muda wake mwenyewe

Mtaani tulikokulia kulikuwa na jamaa wa bima aliyepita kila Jumamosi. Shati jeupe, begi la ngozi, daftari ndogo ya risiti. Shangazi yangu alimpa pesa kila wiki bila kukosa, pesa za sukumawiki na nyanya, nyingine bado zimelowa maji. Alilipa kwa miaka mitatu. Halafu akavunjika mguu, biashara ikalala, akakosa kulipa miezi kadhaa. Alipopona akaenda ofisini kuuliza, akaambiwa bima yake ilishakufa. Hakurudishiwa hata nauli ya kumfikisha nyumbani.

Kwa muda mrefu nilidhani shangazi alikosa bahati tu. Kisha nikasoma maisha ya wakili mmoja Mmarekani aliyekufa mwaka wa 1941, nikaona kumbe huu mchezo ni wa zamani, na kuna mtu aliwahi kukaa chini akaupigia hesabu senti kwa senti. Jina lake ni Louis Brandeis. Kama umesoma sheria unamjua. Kama hujasoma, tulia hapa na mimi, kwa sababu hata mimi sijasoma. Niliacha chuo mwaka wa pili.

Na hapo ndipo huyu buda aliponinasa kwanza. Brandeis aliingia shule ya sheria ya Harvard mwaka wa 1875 bila digrii yoyote. Alikuwa na miaka 18. Usianze kusherehekea lakini, wakati huo shule hiyo haikulazimisha mtu awe na digrii ya kwanza, na huyu kijana alikuwa tayari amesoma Ujerumani, mjini Dresden, baada ya familia yake kwenda Ulaya mwaka wa 1872. Alizaliwa Novemba 13, 1856 mjini Louisville, jimbo la Kentucky, kwa wazazi Wayahudi waliohama kutoka Bohemia baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Baba yake alifanya biashara ya nafaka. Kentucky lilikuwa jimbo la utumwa, ila nyumba yao ilipinga utumwa, na mjomba wake mmoja, wakili kwa jina Lewis Dembitz, alikuwa mpinzani wake mkubwa. Louis alimpenda huyo mjomba hadi akabadilisha jina lake la katikati kutoka David kuwa Dembitz. Si wengi tunabadilisha jina kwa sababu ya mjomba.

Akiwa Harvard macho yakaanza kumsumbua. Kusoma usiku kwa taa ya gesi kulimletea shida kubwa, akashauriwa apunguze vitabu. Alichofanya ni kuwaomba wenzake wamsomee kwa sauti, yeye akiweka kila kitu kichwani. Mwaka wa 1877 akamaliza akiwa wa kwanza darasani, tena ikabidi shule imfanyie mpango maalumu ndipo apewe digrii, maana hakuwa ametimiza miaka 21.

Alijaribu kazi St. Louis, hakukaa hata mwaka. Mwaka wa 1879 akarudi Boston na kufungua ofisi na rafiki yake wa darasani, Samuel Warren, ambaye familia yake ilikuwa na viwanda vya karatasi. Sasa hapa uelewe vizuri. Brandeis hakuanza kama mtetezi wa wanyonge. Alikuwa wakili wa makampuni, tena kamili. Wateja wake walikuwa wenye viwanda vya karatasi, vya viatu, wafanyabiashara wakubwa wa Boston. Aliandika mikataba, alisuluhisha madeni, alishauri mabosi. Na alipiga pesa. Mapema katika miaka ya 1900 alikuwa tayari milionea, wakati ambapo dola milioni moja ilikuwa mlima.

Ila alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja. Alitaka kujua biashara yao kuliko wao wenyewe. Kuna tajiri mmoja wa viatu, McElwain, alikuja kwake akitaka kupunguza mishahara na wafanyakazi wakamgomea. Wakili mwingine angeuliza sheria inasemaje, atoe barua ya vitisho na kutuma bili. Brandeis akauliza wafanyakazi wanapata kiasi gani kwa mwaka, si kwa siku. Ikaonekana kwamba mshahara wa siku ulikuwa mzuri, lakini kazi ilikuwa ya msimu: wiki hizi wanachapa kazi, wiki zile wanakaa nyumbani bila chochote. Akaenda akazungumza na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kisha akamwambia mteja wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipa, kwamba wafanyakazi wana haki. Wakapanga upya namna ya kupokea oda ili kazi isambae mwaka mzima. McElwain hakumfuta. Alifuata ushauri.

Ukiwa umewahi kufanya kibarua cha msimu, unajua tofauti kati ya hayo mawili. Nimeuza fulana wakati wa kampeni. Mwezi ule nilikuwa sonko. Mwezi uliofuata nilikuwa nakula kwa jirani.

Basi, kutoka mwishoni mwa miaka ya 1890, Brandeis akaanza kuchukua kesi za umma. Kampuni ya reli za mjini Boston ilitaka kupewa barabara kwa miaka mingi kwa masharti ya kuinufaisha yenyewe, akaipinga. Kampuni za gesi zilipoungana, akasaidia kupata mpango wa ajabu kidogo: bei ya kawaida iwe senti 90, na kampuni ikitaka kuwapa wenye hisa faida zaidi, lazima kwanza imshushie mwananchi bei. Kila senti tano inayoshuka kwa mteja, wenye hisa wanaongezewa asilimia moja. Muda si muda gesi ikafika senti 80. Unaona akili ya wakili wa kampuni hapo? Hakumwambia tajiri awe na huruma. Alimfungia huruma ndani ya faida yake.

Kazi hizi hakulipwa. Mwanzoni alipokea malipo kidogo akajisikia vibaya, halafu akaamua kwamba kazi ya umma ataifanya bure kabisa. Lakini ofisi haikuwa yake peke yake. Alikuwa na wenzake, wenye familia na kodi za nyumba, na kila saa aliyoitumia kumpigania abiria wa reli ilikuwa saa ambayo ofisi haikulipwa na mtu. Kwa hivyo akafanya jambo ambalo mimi bado sijazoea kulifikiria. Alilipa ofisi yake mwenyewe. Katika vita vyake virefu dhidi ya kampuni ya reli ya New Haven, iliyokuwa chini ya mkono wa benki ya J.P. Morgan, alitoa dola 25,000 mfukoni mwake na kuwapa wenzake kufidia muda wake. Hoja yake ilikuwa kwamba dhamira ilikuwa yake, na hakuwa na haki ya kuwatoza wenzake.

Tuseme ukweli. Sote tunawajua watu wanaojitolea kwa muda wa wengine. Mwenye shirika anapigwa picha akigawa unga, wafanyakazi wake hawajalipwa miezi miwili. Brandeis alijua kwamba kujitolea kuna bei, na swali ni nani anailipa.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa Jumamosi.

Mwaka wa 1905 kulizuka kashfa kubwa ya kampuni za bima ya maisha huko New York. Wakubwa walikuwa wakila pesa za wateja kama za mama yao. Watu wa Boston na majimbo jirani waliokuwa na bima katika kampuni ya Equitable wakamwomba Brandeis awe wakili wao. Akakubali, akakataa malipo, ili asifungwe mikono na mtu. Waliomwita walikuwa watu wa tabaka la kati, wenye bima kubwa kubwa. Lakini alipokuwa akichimba vitabu vya hesabu akakutana na kitu kingine ambacho hakuna aliyemtuma akitafute: bima ya wafanyakazi maskini.

Mfumo ulikuwa hivi. Ajenti anapita nyumba kwa nyumba kila wiki akikusanya senti tano, senti kumi. Bima yenyewe ni ndogo, aghalabu ya kumzika mtu tu. Huyo ajenti lazima alipwe, msimamizi wake alipwe, ofisi ilipwe, wenye hisa nao wanasubiri. Halafu mfanyakazi akiugua au akifutwa kazi na kukosa kulipa, bima inakufa, na alichokuwa amelipa kinabaki huko huko. Katika jimbo la Massachusetts pekee, kwa miaka 15 iliyoishia 1905, wafanyakazi walilipa zaidi ya dola milioni 61. Walichorudishiwa hakikufika milioni 22. Kwa haki, sehemu ya hiyo tofauti ilikuwa akiba iliyowekwa kwa ajili ya bima zilizokuwa bado hai. Nyingine yote ilikuwa imekwenda na maji.

Soma tena hizo namba ukimfikiria mwanamke wa kiwandani anayetoa senti kumi mlangoni. Hakuna aliyemshika koo. Alitoa mwenyewe, akitabasamu, tena pengine akamkaribisha ajenti chai.

Mwanaharakati angeandika makala ya hasira, na Brandeis aliandika moja mwaka wa 1906. Lakini kazi halisi aliifanya kama wakili wa kampuni anayetengeneza biashara mpya. Alijiuliza: ni taasisi gani tayari ipo, ambayo maskini wanaiamini, na haili pesa nyingi? Jibu lilikuwa benki za akiba. Massachusetts ilikuwa nazo nyingi, zikisimamiwa na wadhamini wasiolipwa, na gharama zake zilikuwa ndogo mno. Hazikuwa na ajenti wa kupita mlangoni. Mtu alienda mwenyewe kuweka akiba. Basi kwa nini benki hiyo hiyo isimuuzie bima hapo dirishani, bila hisa za mtu, bila kamisheni?

Wataalamu wakamcheka. Walisema maskini hawezi kununua bima bila kusukumwa na ajenti. Mabenki mengine yaliogopa, na kampuni za bima hazikulala. Brandeis akaandika mswada, akafanya hesabu na mtaalamu wa bima, kisha akatembea. Alihutubia vyama vya wafanyakazi, makanisa, vyama vya wafanyabiashara, yeyote aliyekuwa na ukumbi na viti. Akaunda chama cha kusukuma sheria hiyo kilichopata maelfu ya wanachama, vigogo wa viwanda wakikaa meza moja na washona viatu. Juni 26, 1907 ikatiwa saini ikawa sheria. Mwaka uliofuata benki ndogo ya mji wa Whitman ikawa ya kwanza kuuza bima hiyo, na kampuni kubwa nazo zikaanza kushusha bei zao. Baadaye majimbo ya New York na Connecticut yakaiga.

Alikuja kuketi katika mahakama kubwa kuliko zote nchini mwake, lakini mwenyewe aliiona hii bima ya dirishani kuwa kazi yake bora kuliko zote. Mimi naona alikuwa sahihi, japo vitabu vingi huipitia kwa aya moja na kukimbilia mahakamani.

Mawakili wao wanamkumbuka kwa mengine. Mwaka wa 1890 yeye na Warren waliandika makala katika jarida la Harvard Law Review wakidai kwamba sheria imlinde mtu asipigwe picha na kuandikwa magazetini ovyo. Kamera ndogo za kubeba zilikuwa ndiyo zimeanza kuenea, na magazeti ya udaku yalikuwa na njaa. Wazo hilo la haki ya faragha limesafiri mbali. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inatulinda dhidi ya kupekuliwa ovyo na kuingiliwa mawasiliano yetu. Kumbuka hilo siku programu ya mkopo itakapoomba majina yote yaliyo kwenye simu yako.

Kisha kuna kesi ya dobi wa Oregon, 1908. Jimbo lilikuwa limepiga marufuku wanawake kufanyishwa kazi katika madobi zaidi ya saa 10 kwa siku, na mwenye dobi mmoja akapinga hadi Mahakama ya Juu. Brandeis akatetea sheria hiyo, bure kama kawaida. Hati yake ilikuwa na kurasa zaidi ya 100. Kurasa mbili tu zilikuwa za sheria. Zilizobaki zilijaa ripoti za madaktari, wakaguzi wa viwanda na tume za nchi mbalimbali kuhusu kinachotokea kwa mwili wa mtu anayesimama saa nyingi kwenye mvuke. Sifa kubwa hapa ni ya shemeji yake, Josephine Goldmark, na Florence Kelley wa chama cha watumiaji bidhaa, kwani Goldmark na wenzake ndio waliokusanya ushahidi huo kwa siku chache tu. Mahakama ikakubali, majaji wote. Lakini hoja ilisimama juu ya dhana kwamba mwanamke ni dhaifu kuliko mwanamume, na hiyo dhana ilitumiwa baadaye kuwanyima wanawake kazi. Ushindi ule ulikuwa na mkia.

Januari 1916 Rais Woodrow Wilson akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Wacha moto uwake. Wewe umezoea kuona watu wakipigwa msasa bungeni na kutoka baada ya saa mbili wakiwa wamejibu maswali ya utajiri wao. Brandeis alipigwa msasa miezi minne, yeye mwenyewe akiwa hayumo ukumbini. William Howard Taft, aliyekuwa rais, alimpinga. Rais wa chuo cha Harvard, pale pale alipong'aa, alitia saini barua ya kumkataa pamoja na vigogo 54 wa Boston. Walisema hana tabia ya kijaji. Wengine hawakusema wazi kinachowauma, kwamba Myahudi alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti hicho.

Si kila lawama ilikuwa chuki, nisikudanganye. Brandeis aliwahi kuwa mkurugenzi na wakili wa kampuni kubwa ya mashine za viatu, United Shoe Machinery, akaitetea, kisha baada ya kuondoka akageuka kuishambulia kama ukiritimba. Ukiwa mteja, utajisikiaje? Alikuwa na mazoea ya kujiona mwamuzi wa pande zote badala ya wakili wa upande mmoja, na kuna mteja aliyetoka ofisini mwake akidhani ana wakili, kumbe hana. Katika kikao hicho hicho ndipo ile habari ya dola 25,000 ilipojulikana. Maseneta wengine walishindwa kuelewa mtu analipaje ili afanye kazi. Juni 1, 1916, akapita kwa kura 47 dhidi ya 22.

Alikaa kwenye kiti hicho karibu miaka 23. Jaji mwenzake mmoja, McReynolds, alimchukia kwa Uyahudi wake na kwa miaka hakumsemesha. Taft naye akaja kuwa jaji mkuu, na wakaelewana vizuri kuliko mtu angetarajia. Mwaka wa 1928 walitofautiana juu ya polisi kunasa simu za mlanguzi wa pombe bila idhini ya mahakama. Taft na wengi walisema hakuna kosa, maana hakuna aliyeingia nyumbani kwa mtu. Brandeis alipinga kwa maandishi, akashindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mwaka wa 1967, amekufa zamani, Mahakama ile ile ikageuka na kuja upande wake.

Yapo ninayoshindwa kumsamehe. Mwaka wa 1927 aliunga mkono uamuzi ulioruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi kwa lazima mwanamke kijana aliyedaiwa kuwa na akili pungufu. Hakuandika neno la kupinga. Na kuhusu ubaguzi dhidi ya Wamarekani weusi, mtu huyu aliyelelewa katika nyumba iliyopinga utumwa alinyamaza karibu maisha yote. Aliyeweza kuhesabu senti za washona viatu hakuwahi kuandaa kurasa 100 juu ya hilo. Tangu 1914 aliongoza pia vuguvugu la Marekani la kudai makao ya Wayahudi Palestina, jambo linalowagawa watu mpaka leo. Na mwaka wa 1982 ikafichuka kwamba akiwa jaji alikuwa akimtumia profesa rafiki yake, Felix Frankfurter, pesa za kuendeleza masuala ya umma ambayo jaji hapaswi kuyagusa. Kumbe aliendelea kulipia dhamira yake, safari hii kimyakimya.

Nyumbani aliishi kama mwalimu wa shule. Yeye na mkewe Alice, waliyeoana 1891, walikuwa na viti vya kawaida na chakula kidogo hadi wageni wakanong'ona. Starehe yake ilikuwa kupiga kasia mtumbwini. Alistaafu Februari 1939, akafa Oktoba 5, 1941 mjini Washington. Majivu yake yalizikwa Louisville alikozaliwa, chini ya baraza ya shule ya sheria ya chuo kikuu cha huko, shule ambayo sasa ina jina lake. Wanafunzi wanapita juu yake kila asubuhi wakichelewa darasa.

Wiki iliyopita nilimsimulia shangazi habari hii yote, akiwa anachambua mboga. Nilimweleza kuhusu milioni 61, kuhusu dirisha la benki na mji wa Whitman. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono kwa leso, akaniuliza kama bima hiyo bado ipo. Nikamwambia ipo, huko Massachusetts bado inauzwa. Akaingia chumbani, akatoka na ile daftari ya risiti, yote, miaka mitatu, imefungwa kwa mpira, akaiweka juu ya meza mbele yangu.